Daftari la Tausi

Nina madaftari mawili kwenye meza ya maabara, Makadara.
La kwanza la serikali: namba, jina, umri,
kilichoonekana, kisichoonekana.
La pili nililinunua Mwembe Tayari, lina picha ya tausi.
Humo naandika kila siku moyo ulipogutuka
bila sababu, nikajua,
au nikadhani najua.

Tarehe. Saa. Moyo umesema nini. Imekuwa nini.
Safu nne, wino wa buluu, sidanganyi.

Kuna kisa kimoja ambacho watu hukipenda:
Twalib, mtoto wa jirani, miaka sita,
homa yapanda, yashuka, na kioo chake cha damu safi.
Nyanja mia nimezipita, sikuona kitu.
Nimevua glovu, nimefika mlangoni,
pakawa kama pana mtu amenivuta ukosi wa koti.
Nikarudi. Uwanja wa mia moja sabini na tatu:
kijidudu kimoja, pete ndogo yenye kito,
kimejibanza kama mdaiwa nyuma ya pazia.

Nyumbani wakasema, una jicho la ndani wewe,
umelirithi kwa bibi mzaa baba.
Shangazi Swafiya akanifukiza ubani.
Sikukataa. Ubani wanukia vizuri.

Lakini daftari la tausi lina kurasa nyingine.
Mara thelathini na moja moyo umegutuka.
Mara tisa ulisema kweli.
Zilizobaki nilirudi mezani, nikainama tena,
na pale palikuwa na damu tu,
damu ya mtu aliyechoka kungoja majibu.
Siku moja niliapa kuwa mama amepatwa na jambo.
Nikapiga simu mara tano.
Alikuwa akikuna nazi,
simu imezama kwenye unga wa mahamri.

Hizo ishirini na mbili hakuna aliyenifukizia.

Alhamisi, Kibokoni, Shangazi huandika kombe:
sahani nyeupe, zafarani, kalamu ya mwanzi,
mkono haumtetemeki mpaka herufi ya mwisho.
Tone la marashi, kisha maji ya kisima cha uani,
na aya zayeyuka njano, mgonjwa anywe kwa Bismillahi.
Nami nimekunywa. Mwaka wa mtihani nilikunywa sahani saba.
Nilisoma pia.

Juzi nikafanya jambo la aibu.
Nilichota maji yale kabla hayajaguswa na aya,
kichupa kimoja, nikakitia mkobani kama mwizi wa kipini.
Siku mbili ndani ya kisanduku cha joto
na sahani yangu nayo ikaandikwa:
madoa, madoa, madoa.
Choo cha jirani na kisima chetu,
yaelekea, husalimiana usiku.

Sikulala. Niliswali rakaa mbili
nikaomba, si kuonyeshwa, maana nilikwisha ona,
bali kupewa ulimi.

Nilimwambia akichagua mchele.
Hakuinua uso. Chuya moja, ya pili, ukingoni mwa uteo.
"Umeyapima maneno au umeyapima maji?"
Maji, Shangazi.
"Maneno hukuyaona humo?"
Kipimo changu hakina jicho la maneno.
"Basi sema hivyo hivyo. Usiongeze."
Akazitupa chuya.
"Ile sufuria kubwa ya pilau. Iteremshe."

Siku hizi maji huchemka kwanza,
yakapoa chini ya kawa, ndipo zafarani.
Ajaye na homa huulizwa: umepimwa?
Hujapimwa, nenda Makadara, sahani itakungoja.
Je, wanapona zaidi? Sijui.
Sijahesabu vya kutosha. Nimechora safu mpya.

Jana alasiri moyo umegutuka tena.
Nikaandika saa. Nikaandika: Swafiya.
Tisa kwa ishirini na mbili, nikajikumbusha,
na ngazi zake nikazipanda mbili mbili hata hivyo.
Alikuwa kwenye mswala, amesujudu,
sijda ndefu.
Nikakaa kizingitini, viatu mkononi,
nangoja atoe salamu.
Safu ya nne ingali tupu.